Tulivaa Nyeusi Tangu Kigali

Baba yangu alipokufa Kamituga, mimi niliambiwa ana malaria. "Papa iko na malaria kidogo tu, lakini kuya," kaka yangu alisema kwenye simu, na nyuma yake nikasikia watu wengi wakizungumza, nikadhani yuko sokoni. Nilipanda pikipiki, tukasukumana na matope ya Mwenga mchana kutwa, na kwenye kona ya mwisho nikaona turubai limefungwa uani kwetu na viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa chini yake. Hapo hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Sitaki mtu afikiri sisi ni waongo. Ni huruma. Msafiri mwenye habari ya kifo kichwani anaweza kuanguka njiani, anaweza kushuka mahali pasipo pake. Kwa hiyo kifo tunakipunguza kinakuwa ugonjwa, na ugonjwa tunaupunguza unakuwa kichwa kinauma. Watu wa pwani wana msemo wao, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Sisi tunakificha kifo chenyewe, tunakiita maradhi. Na kila mtu mzima wa Bukavu anajua kuongeza alichopunguziwa. Ukiambiwa "anaumwa kidogo", jiandae. Ukiambiwa "anaumwa sana, kuja mbio", katafute nguo nyeusi. Kuuliza waziwazi kama amekufa, hilo halifanyiki, kwa sababu ikiwa bado anapumua utakuwa umemchuria.

Simu ya Kalemie ilikuja nikiwa nakunja vitenge, maana hiyo ndiyo kazi yangu, nauza vitenge Kadutu. Aliyepiga ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu; kwetu mkubwa wako unamwita yaya. Mama yao alikuwa amehamia kwake kwa sababu baridi ya Bukavu ilikuwa inamla magoti. Sauti ya shemeji ilitoka kwa nguvu hata mimi nikaisikia: "Yaya, maman iko mugonjwa sana. Ulimi umefungwa, hawezi sema. Kuya mbio."

Mume wangu akasema ndiyo, ndiyo, akakata. Akakaa kitandani, akavua viatu, kisha akavivaa tena.

"Maman alisha kufa," akaniambia.

"Alikuambia vile?"

"Aliniambia hawezi sema. Mutu mwenye hawezi sema ni nani?"

Sikubisha. Nilikuwa na Kamituga yangu moyoni, na malaria yangu kidogo. Pia, mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na walimu wana maradhi yao: wamedanganywa na watoto miaka mingi mno, sasa kila neno wanaligeuza waone lina nini upande wa pili. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akasema anataka kitu kimoja tu, mama yake asifukiwe kabla yeye hajafika, kwa sababu ndiye mtoto wa kwanza na udongo wa kwanza ni wake kuutupa.

Kalemie ni Kongo, nasi tuko Kongo. Lakini tangu vita viingie mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, na barabara ya Uvira ilikuwa ya wenye bunduki. Mtu wa Bukavu akitaka kufika Kalemie ilimbidi atoke nje ya nchi yake, apite Rwanda, ashuke Tanzania mpaka Kigoma, kisha avuke ziwa Tanganyika na kuingia kwao kwa mlango wa nyuma. Ndiyo njia tuliyoshika.

Nimevuka mpaka wa Ruzizi mara nyingi kuliko nilivyoungama. Najua kabisa kwamba ng'ambo hawataki mifuko ya plastiki, hata mtoto wa chekechea wa Bukavu anajua. Lakini asubuhi ile akili haikuwa yangu. Sambaza, dagaa wetu wa kukaanga, niliwafunga kwenye sachet, mayai kwenye sachet, chikwangue mbili za muhogo kwenye sachet. Upande wa pili afisa mmoja, kwa adabu nyingi, alinisubiri nivifungue vyote kimoja kimoja, nikabaki na sambaza ndani ya kilemba changu na kichwa wazi mbele ya watu. Mume wangu aliangalia pembeni kama mtu asiyenijua. Mpaka Kigali tulinuka samaki, na mwanamke wa kiti cha mbele alifungua dirisha katikati ya baridi ya Nyungwe.

Humo Nyungwe lori lilikuwa limelala barabarani, tukasimama msituni muda mrefu huku mvua ikipiga bati la basi. Simu ikalia. Mume wangu alikuwa amenunua laini Kamembe na kumtumia mdogo wake namba.

"Mumefika wapi?"

"Nyungwe."

"Mufanye mbio, yaya. Maman anakungojea."

Mume wangu akaifunga simu, akaiweka mfukoni taratibu. "Anaongopa muzuri," akasema. "Alikuwa tu vile tangu utoto." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anamsifu.

Kigali tulifika jioni. Kituoni basi la kwenda Rusumo lilikuwa tayari linanguruma, viti viwili vimebaki, konda anatuita kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshaweka mguu. Mume wangu akanishika kiwiko.

"Mutoto wa kwanza hawezi shuka kwa kilio ya mama yake na shati ya mistari," akasema. "Tutanunua manguo, tutaenda kesho."

Niliona basi likiondoka na viti vyetu viwili. Lakini nilimwelewa. Kalemie wangemtazama yeye kwanza, kabla ya jeneza. Asubuhi akanunua suti nyeusi ya mtumba, iliyomkaa vizuri kuliko ile ya harusi yetu. Mimi nikanunua kitenge cheusi, na kingine cheupe cha maua madogo, kizuri, cha kumvalisha marehemu. Kile cheusi nilikisugua kwa kidole chenye mate nikaona kidole kimebadilika rangi. Nikamwambia mwenye duka kitenge chake kinatoa wino. Mume wangu, ambaye nami huniita maman, akaniambia, "Maman, leo haiko siku ya biashara." Tukavaa palepale dukani. Kuanzia hapo tukawa wafiwa rasmi.

Mvua ya Benako, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, ndiyo iliyonipa haki. Tulikuwa tumesimama chini ya kibanda cha chipsi tukingoja basi la Kigoma, paa linavuja, na wino wa kitenge ukaanza kushuka mikononi mwangu mpaka kwenye vidole. Nilikuwa najifuta wakati simu ilipolia tena. Safari hii nilisogeza sikio.

"Yaya, minaweka simu kwa masikio ya maman. Anasikia. Umusemeshe, hata kidogo."

Kukawa kimya kwenye simu. Si kimya kabisa, kulikuwa na kitu kama kitambaa kinachosuguana. Mume wangu akatazama mvua. Mdomo ulifunguka nikafikiri atasema. Kisha uso wake ukakunjamana, akakata simu, akapiga ukuta wa kibanda kwa kiganja hadi muuza chipsi akageuka.

"Ananipatia maiti nimusemeshe! Mimi! Ananiona mutoto?"

"Labda—" nikaanza.

"Labda nini? Uliza basi. Piga, umuulize mama iko muzima ao alisha kufa. Unaweza?"

Sikuweza. Mkwe hathubutu. Ningeuliza, halafu akawa hai, halafu akafa baadaye, ingesemwa mpaka kwa wajukuu kwamba mdomo wangu ndio uliomchukua. Nilinyamaza, nikaendelea kujifuta wino kwa kipande cha gazeti. Ninaandika haya na bado nina hasira na kimya kile, changu na cha watu wetu wote.

Basi la Kigoma lilikuwa la watu wema. Mama mmoja aliyekaa nasi alitazama suti, akatazama mikono yangu myeusi, akauliza, "Mna msiba, ndugu zangu?" Mume wangu akajibu kwamba ni mama yake mzazi. Habari ikapita kiti kwa kiti. Kabla hatujafika Kibondo kofia ya konda ilikuwa imezunguka basi zima na kurudi kwetu na noti na sarafu, walichoita rambirambi. Mzee mmoja Mwislamu akasimama akishikilia vyuma vya viti, akamuombea marehemu apumzishwe mahali pema. Basi zima likasema amina. Mume wangu akasema amina. Na mimi, Mkatoliki wa komunyo kila Jumapili, nikasema amina kwa nguvu, nikamlilia mama mkwe wangu pale mbele za watu, kilio cha kweli, kwa maana nilimpenda. Alinifundisha kufunga mtoto mgongoni bila kumuumiza mapaja. Hakuwahi kunitukana, na si kila mke atasema hivyo.

Basi likavunjika chuma cha chini, tukalala Kibondo kwenye benchi. Kesho yake, karibu na Kasulu, askari wa kizuizi wakapanda kukagua. Eneo lile lina kambi ya wakimbizi, na Mkongomani akifungua mdomo tu anajulikana. Mume wangu akafungua mdomo. Tukashushwa na mizigo yetu, tukasimama juani, wakageuza vitambulisho vyetu. Kisha mkubwa wao akaja, akatutazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Mnaenda kuzika?"

"Ndiyo. Mama."

"Poleni sana, mzee wangu. Pandeni."

Mume wangu alipokaa tena kitini alitabasamu mara ya kwanza tangu Bukavu. "Unaona? Maman bado anatusaidia."

Tukaingia Kigoma jua likiwa juu. Watu wakatuelekeza Kibirizi, ufuoni, ambako boti za mbao hupakia mizigo ya Kongo. Ilikuwapo moja imejaa saruji, imezama mpaka karibu na ukingo, inaondoka mchana huohuo. Nahodha alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema nafasi ipo, tutakaa juu ya mifuko, kesho alfajiri tuko Kalemie. Meli ya abiria ingekuja, alisema, lakini ya meli ajuaye ni Mungu na fundi wake.

Mimi nilishavua viatu niingie majini. Mume wangu alibaki kwenye mchanga.

"Twende, papa."

"Ile saruji unaiona? Ziwa ikichafuka?"

"Twende tu."

"Maman hana tena haraka," akasema, polepole, kama anamfafanulia mwanafunzi. "Mimi sitaki kumufuata kaburini mbele ya kumuzika. Tutaenda na bateau ya watu."

Nahodha akacheka kidogo. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee," akasema, akageukia mifuko yake.

Mume wangu akampigia mdogo wake palepale ufuoni. "Tuko Kigoma. Tunangojea bateau. Musifanye kitu bila mimi, umesikia? Mungojee."

"Kufanya nini, yaya? Tunakungojea, lakini kuya na boti yoyote. Yoyote!"

"Mungojee," akarudia, akakata. Akanieleza kwamba lazima barafu ya kutunza maiti inawaelemea, ndiyo maana wana haraka ya kuzika. Tulitazama boti ya saruji ikiondoka. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye beseni, na lilitulia hivyo usiku kucha na kesho yake yote.

Meli ilikuwa iondoke kesho. Kesho ilipofika wakasema injini, kesho tena. Tulikaa kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja na feni isiyozunguka. Nilifua kitenge changu, maji yakawa meusi mara tatu, na baada ya hapo kikawa rangi ya majivu. Mume wangu aliandika atakayoyasema kaburini, akafuta, akaandika tena. Kila shemeji alipopiga, sauti yake ilikuwa imechoka zaidi, na neno lake lilikuwa lilelile, mbio, kuya mbio. Mwishowe mume wangu akawa ananipa mimi simu nijibu.

Siku ya kuondoka tulikula karibu na bandari kabla ya kupanda, migebuka wa kukaanga na ugali. Jua lilikuwa linazama. Ghafla mume wangu akakumbuka siku mama yake alipomfukuza mbuzi mpaka ndani ya kanisa, katikati ya mahubiri, padri akanyamaza, mama akamkamata mbuzi mguu mbele ya altare, akapiga goti kwa heshima, akatoka naye. Alivyosimulia akacheka mpaka ugali ukampalia. Nami nikacheka. Watu waliangalia nguo zetu wakashangaa. Akaagiza samaki mwingine.

Simu ilikuja tukiwa kwenye foleni ya kupanda meli. Aliichukua mwenyewe. Niliona uso wake ukijikunja.

"Amesemaje?"

"Anasema maman amepata nafuu kidogo. Anasema tuende polepole, tusijisumbue."

Tulisogea hatua moja. Mbele yetu mwanamke alikuwa anagombana na mpagazi.

"Mbona leo anasema polepole?" mume wangu akauliza.

Siku zote alikuwa amesema mbio. Mtu anayempunguzia ndugu yake kifo haanzi na ukubwa kisha akashusha. Anaanza na kidogo, na huyu kidogo chake ameanza leo. Nilitaka kurudi nyuma, kwenye ule ufuo, kwenye mifuko ya saruji. Meli ilipotoka bandarini nilikaa kwenye mzigo wetu nikihesabu shanga za rozari, na kila nilipomtazama mume wangu nilikuta ameketi wima, macho wazi, mikono juu ya magoti ya suti. Alikaa hivyo mpaka milima ya upande wetu ilipoonekana.

Shemeji alikuwa gatini. Alivaa fulana ya kazini na kandambili, macho yamevimba. Alikuja mbio, kisha akasimama mbali kidogo. Aliitazama suti. Akanitazama mimi na kitenge changu cha majivu.

"Nani alikuambia?" akauliza. "Tulikatazana bote. Nani alikupigia?"

"Nilijua tangu Bukavu," mume wangu akasema.

"Tangu Bukavu ulijua nini?"

Mume wangu akavuta koti la suti. Shemeji akamsogelea.

"Yaya, maman amekufa jana. Jana magaribi."

Nilisikia mpagazi akipiga kelele apishwe. Mume wangu aliuliza tena, jana ipi, na shemeji akasema jana, jana hii, jua likiingia. Kisha wote wawili wakasimama tu, hawakukumbatiana, na watu wa meli wakawa wanatupita na magunia yao.

Nyumbani turubai lilikuwa linafungwa wakati tunaingia. Mke wa shemeji alinipeleka chumbani. Mama mkwe alikuwa amelazwa, amevaa pagne yake ya sikukuu na blauzi yake ya mikono mipana, nywele zimesukwa upya. Nikatoa kile kitenge cheupe cha Kigali, nikauliza kwa nini wamemvalisha kabla hatujaja, ilhali tulisema wangoje.

"Hatukumuvalisha sisi, yaya," akasema. Wakati huo mume wangu alikuwa amefika mlangoni. "Kila siku tulimwambia, mutoto yako amefika Kigali, amefika Kibondo. Alikuwa anatuminya mukono. Siku tulimwambia iko Kigoma, ng'ambo tu hapa, alituonesha kwa mikono tumuogeshe, tumusuke, tumupe pagne ya fête. Akakaa kwa kiti pale kwa mulango. Tulimurudisha kwa kitanda magaribi, akatuonesha tena kiti. Kesho yake vilevile. Na kesho yake."

Mume wangu alisikiliza yote. Alitembea mpaka kwenye kitanda, akaushika mkono wa mama yake, akaurudisha mahali pake kwa uangalifu. Watu walianza kuingia kutoa pole, naye akawa anapokea, ndiyo, asante, ndiyo. Alimzika vizuri. Udongo wa kwanza aliutupa yeye. Yale aliyokuwa ameandika Kigoma hakuyasoma, padri alipomwita alitikisa kichwa.

Jioni, watu walipopungua, alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Koti la suti alikuwa amelivua na kulikunja.

"Maman," akaniambia. "Jana magaribi, sisi tulikuwa tunafanya nini?"

Mke wa kwetu anajua la kujibu. Ningesema tulikuwa tunasali. Ningesema nimesahau. Ndiyo huruma yetu, nimezaliwa nayo na nimewapa watoto wangu. Nilimtazama, nikaona ameuliza kweli, na kwamba hatapunguziwa tena kitu na mtu yeyote.

"Tulikuwa tunakula samaki," nikasema. "Ulikuwa unacheka."